Matembezi ya Jamaa na Mtoto Mchanga

Ukienda katika bustani ya Mama Ngina mjini Mombasa, jioni ya Jumapili, utaona jambo lipendezalo. Baba amenunua madafu. Watoto wakubwa wanagombania mihogo iliyokaangwa. Mama ameketi akitazama meli ikiingia polepole katika mlango wa Kilindini, na mwanawe mchanga amelala mgongoni mwake, hana habari na meli wala bahari. Jua likishuka wataondoka wote kurudi nyumbani, nguo zimechafuka na nyoyo zimekunjuka.

Hakuna mtu asimamaye njiani kuistaajabia jamaa ya namna hii. Lakini mwanafunzi wa historia yampasa kuyatazama mara mbili mambo yaonekanayo kuwa ya kawaida, maana aghalabu hayo ndiyo yaliyopatikana kwa shida. Ili watu wa nyumba moja waweze kutoka pamoja kwa siku moja tu, pamoja na mtoto asiyeweza kutembea wala kusema, yahitajiwa mambo manne. La kwanza ni nafasi, yaani siku ambayo baba na mama hawadaiwi kazi na mwajiri. La pili ni njia, na nauli ambayo mtu wa kipato kidogo aweza kuilipa. La tatu ni namna ya kumchukua mtoto. Na la nne, lisahauliwalo na wengi, ni mtu wa kumpokea mama kazi yake. La sivyo siku ya mapumziko kwa wote itakuwa siku ya kazi kwake yeye.

Katika insha hii tutaona jinsi mambo hayo yalivyopatikana, moja baada ya jingine. Tutaanza Uingereza, kwa sababu huko ndiko reli na viwanda vilikozaa matembezi ya umma kwa mara ya kwanza. Kisha tutarudi kwetu Kenya, ambako mambo yalikwenda kwa njia nyingine.

Msomaji asidhani kwamba kabla ya reli watu hawakusafiri na watoto. Tangu zamani mama wa Kiafrika amefunga mbeleko akaenda arusini, matangani, au kwa wazazi wake kuwaonyesha mjukuu. Wahenga walimwona, wakasema: mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina. Lakini safari hizo hazikuitwa likizo, wala hazikuhitaji jina hilo. Mtu alimaye shamba lake mwenyewe huongozwa na mvua na jua, hamwombi mtu ruhusa. Likizo ni neno la mtu aliyeajiriwa. Lilikuja duniani pamoja na kengele ya kiwanda.

Kengele hiyo ililia mapema sana katika jimbo la Lancashire, kaskazini ya Uingereza, penye viwanda vya nguo za pamba. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, wanaume, wanawake na watoto walifanya kazi humo tangu alfajiri hata usiku, siku sita kwa juma. Siku ya saba ilikuwa ya kanisa na ya kufua nguo. Wanawake wengi walioolewa walikuwa wafumaji, hata mtoto alipozaliwa alikabidhiwa jirani au bibi mzee, na mama akarudi kwenye mtambo. Jamaa kama hiyo ingetoka lini kwenda matembezini?

Mlango ulifunguka kidogo mwaka 1850. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoamuru kwamba katika viwanda vya nguo kazi ya wanawake na vijana ikome saa nane mchana kila Jumamosi. Nusu siku si kitu kikubwa. Lakini ilikuwa nusu siku iliyolindwa na sheria, wala haikutegemea huruma ya mwenye kiwanda. Mwaka 1871 pakaja sheria nyingine, iliyopelekwa bungeni na Sir John Lubbock, aliyekuwa mbunge na mwenye benki. Sheria hiyo ilifunga mabenki ya Uingereza siku nne zaidi kwa mwaka, mojawapo ikiwa Jumatatu ya kwanza ya Agosti, katikati ya majira ya joto. Benki zilipofungwa, biashara nyingi nazo zikafunga, na watu wakamiminika kwenye vituo vya reli.

Hapa twafikia jambo la pili, nalo ni njia. Tarehe 5 Julai 1841, fundi mmoja wa samani aitwaye Thomas Cook, aliyekuwa mhubiri wa kuwaasa watu waache ulevi, alikodi gari la moshi zima. Akawachukua watu wapatao 500 kutoka mji wa Leicester hadi Loughborough, mwendo wa kilomita 18 hivi, kwenda kuhudhuria mkutano. Kila mtu alilipa shilingi moja, kwenda na kurudi. Safari ile fupi ilimfungulia Cook biashara ya kusafirisha watalii ambayo baadaye ilijulikana ulimwenguni kote.

Lakini abiria wa daraja la tatu katika siku zile walisafirishwa kama mizigo. Mabehewa yao mengi hayakuwa na paa, na mvua ikinyesha iliwanyeshea wote, mkubwa kwa mdogo. Ni mama gani ambaye angempandisha mtoto wa miezi mitatu katika behewa la namna hiyo? Bunge likaingilia kati mwaka 1844. Likaagiza kwamba kila kampuni ya reli iendeshe, angalau mara moja kila siku, gari la moshi lenye mabehewa ya daraja la tatu yaliyoezekwa, kwa nauli isiyozidi peni moja kwa maili. Tena likaongeza maneno machache ambayo yapasa kukumbukwa katika habari yetu: mtoto aliye chini ya umri wa miaka mitatu achukuliwe bure, na aliye kati ya miaka mitatu na kumi na miwili alipe nusu. Pengine ndiyo mara ya kwanza mtoto mchanga kutajwa kuwa msafiri katika sheria za reli. Desturi ya kumchukua mtoto mchanga bila nauli ingalimo katika reli nyingi za dunia.

Mwaka 1846 reli ilifika Blackpool, kijiji cha pwani karibu na miji ile ya viwanda. Ndipo ilipokua desturi ya kuajabisha. Kila mji wa Lancashire ulikuwa na juma lake katika majira ya joto ambapo viwanda vyote vilifungwa kwa pamoja. Mji mmoja ulipomaliza, mwingine ulianza. Mitambo ilinyamaza, mabomba hayakutoa moshi, na mitaa mizima ikahamia pwani. Jirani wa nyumbani akawa jirani wa ufukoni. Lakini juma hilo halikuwa na mshahara. Watu waliweka akiba senti kwa senti katika vyama vyao mwaka mzima, wakazitumia zote kwa siku chache, wakarudi mikono mitupu na nyuso zilizochomwa na jua.

Sasa na tumtazame mama katika safari hiyo. Jamaa ilipofika Blackpool ilipanga chumba kimoja, mara nyingi wazazi na watoto wote pamoja. Katika nyumba nyingi mwenye nyumba hakuwapa wageni chakula. Mgeni alinunua nyama, viazi na mkate wake, na mwenye nyumba akampikia, kisha akamtoza kwa kitanda na kwa moto; wengine walitoza hata kwa chumvi na pilipili iliyowekwa mezani. Basi asubuhi, wakati baba anapunga upepo wa bahari, mama alikuwa sokoni na kikapu mkono mmoja na mtoto mkono wa pili. Nepi zilizolowa zilifuliwa chumbani. Mtoto akilia usiku, ni mama aliyeogopa kwamba wapangaji wa chumba cha pili wataamka. Nafasi ilikuwako na njia ilikuwako, lakini kazi ya mama ilikuwa imesafiri naye, nayo haikulipishwa nauli!

Hata kumchukua mtoto kulikuwa taabu. Kigari cha mtoto kilianza kikiwa kitu cha anasa. Mnamo mwaka 1733 msanifu William Kent alimtengenezea Duke wa Devonshire kigari kizuri cha watoto wake, kivutwe na mbuzi au farasi mdogo. Katikati ya karne ya 19 vilitokea vigari vya kusukumwa kwa mkono, na baada ya miaka vikashuka bei hata watu wa kawaida wakavipata. Vilikuwa vizito, vyenye magurudumu makubwa. Kituoni havikuingia katika behewa la abiria, ilibidi vipakiwe katika behewa la mizigo.

Katika vigari vya zamani mtoto alielekezwa upande mmoja tu. Mwaka 1889 mtu mmoja Mweusi wa mji wa Baltimore, Marekani, jina lake William Richardson, alipata hati ya uvumbuzi kwa kigari ambacho kitanda chake kiliweza kugeuzwa. Mama akipenda mtoto aitazame dunia, humgeuza mbele. Akipenda amtazame yeye, humgeuza nyuma. Wahenga wetu walisema mtoto hutazama kisogo cha nina. Richardson alimpa mtoto uso wa nina. Uvumbuzi huu ni mdogo ukilinganishwa na mtambo wa mvuke. Lakini aliyeubuni alifahamu kwamba anayebebwa si mzigo, ni mtu, naye ana haja ya kumwona ampendaye.

Lililobaki kubwa lilikuwa mshahara. Kumpa mtu siku saba bila malipo ni kumwambia apumzike akiwa na njaa. Katika mwezi wa Juni 1936 wafanyakazi wa Ufaransa waligoma kwa wingi, nayo serikali ya Léon Blum ikapitisha sheria ya kumpa kila mfanyakazi majuma mawili ya likizo yenye malipo. Waziri kijana aliyeitwa Léo Lagrange akapatana na makampuni ya reli, yakatoa tikiti za bei nafuu kwa ajili ya likizo hiyo. Majira ya joto ya mwaka ule watu wengi waliiona bahari kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Mwaka huohuo Shirika la Kazi la Kimataifa, huko Geneva, lilipitisha mkataba kwamba mfanyakazi apate kila mwaka likizo yenye malipo isiyopungua siku sita za kazi. Uingereza ilipitisha sheria yake ya likizo yenye malipo mwaka 1938.

Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameliona jambo hilo likija. Mwaka 1936 Billy Butlin alifungua kambi ya mapumziko huko Skegness, pwani ya mashariki ya Uingereza. Jamaa ilipewa kijumba chake, chakula cha kila siku na michezo, yote kwa malipo ya namna moja. Katika kambi hizo mama hakwenda sokoni wala hakupika. Palikuwa na walezi wa kuwaangalia watoto mchana. Na usiku wazazi walipokuwa katika ukumbi wa dansi, watumishi walizunguka kati ya vijumba wakisikiliza. Mtoto akilia, nambari ya kijumba ilitangazwa ukumbini, na mzazi akatoka mbio. Watu wengine walizicheka kambi hizo kwa kuwa kila jambo lilifanywa kwa saa na kwa kipaza sauti. Lakini kwa mama aliyepika kila siku ya maisha yake tangu aolewe, kuketi mezani na kupakuliwa chakula na mtu mwingine halikuwa jambo la kuchekwa. Hilo ndilo jambo la nne tulilolitaja, nalo ndilo lililochelewa kuliko yote.

Sasa turudi Kenya. Hapa reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwa la Viktoria, mahali paitwapo leo Kisumu, mwaka 1901. Ingeweza kudhaniwa kwamba kama ilivyokuwa Lancashire, reli ingewachukua watu na watoto wao kwenda pwani kupunga upepo. Haikuwa hivyo. Serikali ya kikoloni ilimhesabu mfanyakazi wa Kiafrika kuwa mtu asiye na mke wala mtoto. Alipewa kitanda katika nyumba za wanaume wengi, na mshahara wake wa chini ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alilazimishwa pia kuchukua kipande, bila hicho hakuruhusiwa kutembea wala kuacha kazi apendavyo. Mke wake alibaki kijijini kulima, na mtoto alizaliwa na kuanza kutambaa kabla baba hajamwona.

Kwa hiyo safari ya jamaa katika Kenya ya wakati ule ilikuwa kinyume cha ile ya Uingereza. Kule waliokaa pamoja walitoka pamoja. Huku waliotengana walisafiri ili wapate kuwa pamoja. Mama alifunga mbeleko, akajitwika kikapu cha unga na ndizi, akapanda daraja la tatu au basi la vumbi, akaenda mjini kumwonyesha mumewe mtoto. Au baba alingoja likizo yake, akarudi nyumbani, na mtoto akamlilia kama amliliavyo mgeni. Hapo bahari haikuwako wala muziki. Mapumziko yenyewe yalikuwa kuonana. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ikiongozwa na F. W. Carpenter, ilikiri kwamba mshahara uliopimwa kwa mtu mmoja haufai, ikashauri upimwe kwa mahitaji ya mtu mwenye jamaa. Maneno hayo yalichelewa, lakini yalisema wazi kwamba mfanyakazi ana mtoto.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 sheria iliendelea kujifunza jambo hilo, polepole. Sheria ya Kazi ya mwaka 1976 ilimpa mama aliyejifungua miezi miwili ya likizo yenye mshahara. Lakini ndani yake mlikuwa na mwiba: mwanamke aliyechukua likizo ya uzazi alipoteza likizo yake ya mwaka huo. Ni kama kwamba sheria ilisema, umekwisha kupumzika. Yeyote aliyewahi kukesha na mtoto mchanga ajua kama hayo ni mapumziko! Mwiba huo uling'olewa na Sheria ya Kazi ya mwaka 2007. Kwa sheria hiyo mama hupata miezi mitatu ya likizo ya uzazi, wala haipotezi likizo yake ya mwaka, ambayo ni siku 21 za kazi. Naye baba hupewa majuma mawili mtoto azaliwapo. Kwa majuma hayo mawili sheria imemwambia baba kwamba mtoto ni kazi yake pia.

Kabla hatujamaliza, yafaa tuseme habari ya mbeleko, maana ina mwisho mzuri. Katika miaka ya 1960 mhandisi wa ndege wa Uingereza, Owen Maclaren, alimwona binti yake akitaabika safarini na kigari kizito cha mtoto. Maclaren alikuwa amewahi kushughulika na miguu ya kutulia ya ndege za vita ziitwazo Spitfire, miguu ambayo hukunjwa ndege ikiruka. Akatumia akili ileile kutengeneza kigari cha alumini cha uzito wa kilo 3 hivi, kinachokunjwa kama mwavuli. Aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1965, na tangu hapo kigari kikaweza kupanda basi.

Wakati uleule muuguzi wa Marekani, Ann Moore, alikuwa amefanya kazi Togo, Afrika ya Magharibi. Aliona akina mama wakienda sokoni na watoto mgongoni, na watoto wametulia. Aliporudi kwao akapata binti, akajaribu kumfunga mgongoni kwa nguo kama alivyoona, nguo ikamteleza. Mama yake akamshonea mfuko wenye mikanda. Mwaka 1969 Moore alipata hati ya uvumbuzi wa mfuko huo, ukauzwa kwa jina la Snugli, nao ukawa chanzo cha mifuko mingi ya kubebea watoto ambayo leo huuzwa hata katika maduka ya Nairobi. Hivyo elimu ya mama wa Afrika ilivuka bahari, ikashonwa mikanda, ikarudi na bei. Hatuna haja ya kukasirika. Lakini tusiione mbeleko kuwa kitu cha ushamba, hali wenye vigari waliisafiria mbali kuja kujifunza.

Basi, kijana msomaji, utakapotoka na wenzio wa nyumbani siku ya sikukuu, na mdogo wenu mchanga akiwemo, kumbuka kwamba siku hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Wafanyakazi waliigombania, mabunge yaliibishania, na wako waliozeeka bila kuipata. Nafasi imepatikana kwa sheria, njia kwa reli na mabasi, na kitu cha kumchukulia mtoto kimepatikana kwa hekima ya akina mama na ya mafundi. Jambo la nne halina sheria wala mvumbuzi. Liko mikononi mwako. Mtakapofika ufukoni au bustanini, kabla hujakimbilia mchezo, nyosha mikono umwambie mama, "Nipe mtoto nimshike, nawe ukae kidogo." Wahenga walisema mbebwa hujikaza, nasi tuliobebwa jana, leo tumekwisha kukaza mikono vya kutosha kumbeba mwingine.